Isaac Juma na Historia ya Ushabiki wa AFC Leopards

Historia ya soka nchini Kenya imeandikwa zaidi kwa majina ya wachezaji, makocha na viongozi, ilhali mashabiki, ambao ndio waliozibeba klabu katika miaka ya neema na ya ukame wa vikombe, hutajwa kwa jumla tu. Isaac Juma, muuza magazeti wa Mumias katika Kaunti ya Kakamega, ni miongoni mwa wachache waliotoka jukwaani wakajulikana nchi nzima kwa majina yao.

Klabu aliyoipenda iliundwa mwaka 1964 kwa kuunganisha timu kadhaa za Waluhya, ikaitwa Abaluhya United. Mwaka 1980, serikali ilipokataza majina ya kikabila, klabu ya Luo Union iligeuka Re-Union, nayo Abaluhya ikawa AFC Leopards, ambayo wapenzi wake huiita Ingwe, yaani chui kwa Kiluhya. Agizo hilo liliondoa kabila katika jina, lakini halikugusa utamaduni uliokwisha kuota mizizi jukwaani, hasa isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma hiyo ilikuwa ikirindima Leopards ilipotwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, mwaka 1982, 1983 na 1984.

Juma aliuendeleza utamaduni huo kwa mwili wake mwenyewe, kwani alijipaka rangi toka kichwani hadi miguuni, akajipamba kwa mavazi aliyojitengenezea, kisha akacheza kandokando ya uwanja mbele ya maelfu ya watu, si katika mechi za Leopards pekee bali hata timu ya taifa, Harambee Stars, iliposhuka dimbani. Uzito wa mapenzi yake huonekana zaidi mtu anapokumbuka kwamba Leopards haijatwaa ubingwa wa ligi tangu mwaka 1998, hivyo sehemu kubwa ya ushabiki wake ilipita katika misimu ambayo majukwaa yalikuwa matupu na klabu ikihangaika kulipa mishahara, na bado yeye alifika uwanjani kama aliyekuja kushangilia mabingwa.

Aliuawa nyumbani kwake usiku wa tarehe 26 Januari 2022, katika tukio ambalo polisi walilihusisha na mgogoro wa ardhi, na kifo hicho kiliombolezwa hata na mashabiki wa Gor Mahia, wapinzani wa jadi wa Leopards katika pambano liitwalo Mashemeji. Rambirambi zilikuwa nyingi, lakini rambirambi si kumbukumbu. Inafaa klabu na shirikisho la soka wakusanye picha, mavazi na masimulizi ya mashabiki wa aina yake sasa, wakati waliocheza isukuti pamoja naye wangali hai.