Tanki la Lita Ngapi?

Ukisema "tanki" hapa Mwingi, hakuna mtu anafikiria vita. Watu wanafikiria maji: lile tangi jeusi la plastiki pembeni ya nyumba, gata inayoteremka kutoka kwa mabati, na hesabu ya wiki zilizobaki kabla ya kuanza kutuma punda. Kwa hivyo nilipomwambia Susu kwamba usiku mimi huwa tanki, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "La lita ngapi?"

Nilicheka sana. Baadaye nikagundua kwamba swali lake lilikuwa na historia ndefu kuliko jibu langu.

Kwa wale hawajacheza: kwenye World of Warcraft mnaingia pangoni watu watano. Watatu kazi yao ni kupiga. Mmoja ni mganga, anawaponya wenzake. Wa tano ni tanki, na kazi yake ni kupigwa. Kila adui ana orodha ya chuki ambayo kompyuta inaiweka, na aliye juu ndiye anashambuliwa. Tanki anachokoza, anatukana, anagonga ngao, ili abaki juu. Mpigaji aliye karibu akizidi chuki yako kwa asilimia 10, adui anakuacha na kumgeukia, na huyo hana deraya kama yako. Anakufa.

Mambo hayakuanza hivyo. Dungeons & Dragons ilipotoka Marekani mwaka 1974, ilichezwa mezani kwa karatasi na dadu. Mpiganaji mwenye deraya alisimama mbele, lakini mwendesha mchezo ndiye aliamua jini litampiga nani. Kompyuta haiwezi kuamua kwa kuangalia watu usoni, inataka sheria. Mwaka 1991 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walitoa DikuMUD, mchezo wa maandishi matupu, usio na picha hata moja. Ulikuwa na amri ya kumwokoa mwenzako: unaiandika, unaingia kati, na kipigo chake kinakuwa chako. EverQuest ya 1999 iliendeleza wazo hilo, na World of Warcraft ikalifikisha kwa mamilioni ya watu kuanzia Novemba 2004.

Desemba 2009 mchezo ukaanza kuunda vikundi wenyewe. Unachagua kazi yako, unapanga foleni. Wapigaji wakawa wanangoja na kungoja, tanki anaingia papo hapo. Sababu ni rahisi: wengi hawaitaki hiyo kazi. Mpigaji akilala, pengine hakuna atakayejua. Tanki akikosea, wote wanaanguka na kila mtu anajua ni nani.

Mwaka huo huo, Julai, kebo ya SEACOM ilianza kazi Mombasa, na Kenya ikaanza kuachana na intaneti ya setilaiti. Bila hiyo kebo singekuwa tanki wa mtu yeyote. Hata sasa seva ninayochezea iko Ulaya, na amri yangu inachelewa kidogo njiani. Nimejifunza kuchokoza mapema.

Na jina lenyewe? Wachezaji walilichukua kutoka kwa gari la chuma la vita. Lakini Waingereza walipokuwa wakilitengeneza kwa siri mwaka 1915, walihitaji jina la kuficha ukweli, na wafanyakazi wakaambiwa ni vyombo vya kubebea maji huko Mesopotamia. Vikaitwa tanki. Vilipoingia vitani mara ya kwanza, tarehe 15 Septemba 1916 huko Somme, Ufaransa, jina lilikuwa limeshika. Upande wetu wa vita hivyo mizigo ilibebwa na watu. Vijana wa Ukambani walikuwa miongoni mwa wale walioingizwa Carrier Corps, na Kariokor ya Nairobi bado inabeba jina hilo. Wengi hawakurudi.

Kwa hivyo Susu alikuwa sahihi. Tanki, kwanza, lilikuwa la maji.

Sasa hii sehemu sijawahi kuiandika. Oktoba mwaka juzi Susu alinipa shilingi 3,500 niite fundi arekebishe gata, manake huku kwetu mvua ya kutegemea ni ile ya mwisho wa mwaka. Wiki hiyo malipo yangu ya mchezo yalikuwa yameisha, bando pia, na kulikuwa na watu ishirini wakiningoja Jumamosi. Nikajiambia nitarudisha. Mvua ikaja Novemba, usiku mbili mfululizo. Niliisikia kwenye mabati, ikanibidi niongeze sauti ya spika za masikioni. Nilikuwa nawaambia watu wa Poland na Ureno, "Kaeni nyuma yangu." Nje, maji yalikuwa yanamwagika kwa mchanga.

Kufikia Januari tanki lilikuwa linatoa upepo tu. Susu alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni ya kioski, na mitungi miwili ya lita 20. Hakuniuliza pesa ilienda wapi. Nilipoenda mimi, alikuja pia, ati anyooshe miguu. Miezi mitatu niliona mtu akipokea kipigo kilichokuwa changu, bila mganga wa kumponya.

Nilimwambia mwezi wa Machi. Alisema, "Nilijua. Nilikuwa nangoja useme." Gata nilitengeneza kwa pesa ya kusaidia kupakia ndengu sokoni, kabla ya mvua ya Aprili.

Bado nacheza. Juzi ilianza kunyesha tukiwa katikati ya pango, na jitu lenyewe limebakisha damu kidogo tu. Niliandika, "Narudi," nikatoka na tochi kuangalia kama gata imeziba majani. Ilikuwa imeziba. Nilipanda, nikatoa, nikasubiri hadi nikasikia maji yakigonga chini ya tanki.

Niliporudi, wote wanne walikuwa wamekufa. Mganga akauliza, kwa hasira, nilikuwa wapi.

"Najaza tanki," nikamjibu.

Alidhani ni utani. "La lita ngapi?" akauliza.

"2,300," nikamwambia.