Daraja lililoyumba: kosa halikuwa la watembeaji

Jumamosi ya tarehe 10 Juni 2000, London ilifungua daraja jipya la waenda kwa miguu juu ya Mto Thames, kati ya Kanisa Kuu la St Paul's na jumba la sanaa la Tate Modern. Inakadiriwa watu kati ya 80,000 na 100,000 walivuka siku hiyo, na kuna wakati walikuwa hadi 2,000 darajani kwa pamoja. Ghafla daraja likaanza kuyumba kushoto na kulia. Wengine wakashika reli, wengine wakasimama kabisa. Kesho yake wakajaribu kupunguza idadi ya wanaoingia, foleni zikawa ndefu. Jumatatu, tarehe 12, likafungwa.

Huenda utajiuliza: wahandisi walikosea hesabu? Si hivyo. Daraja halikuwa karibu kuanguka, na uzito wa watu lilikuwa linaumudu vizuri. Kampuni ya Arup ililisanifu pamoja na msanifu majengo Norman Foster na mchongaji Anthony Caro. Walitaka kitu chembamba kisichozuia mandhari, kwa hiyo kamba za chuma zinazolibeba zilivutwa pembeni, karibu zilale sawa na njia yenyewe. Katikati, kwenye sehemu yenye urefu wa mita 144, zinashuka mita 2.3 tu. Ni daraja zuri kulitazama, lakini ni jepesi na linanesa.

Sasa tuangalie miguu yako. Ukitembea kawaida unapiga kama hatua mbili kwa sekunde. Kila hatua inasukuma chini, na hilo wahandisi walilijua na kulipigia hesabu. Lakini mguu wa kushoto unasukuma kidogo upande mmoja, wa kulia upande wa pili. Kwa hiyo msukumo wa pembeni unajirudia kama mara moja kwa sekunde. Ni msukumo mdogo sana. Tatizo ni kwamba daraja lile nalo, likiachwa liyumbe lenyewe, lilikuwa na miyumbo ya pembeni ya karibu kasi hiyohiyo. Ni kama kusukuma mtoto kwenye bembea: ukipatia wakati wake, nguvu kidogo inatosha.

Lakini maelfu ya watu wasiojuana wanawezaje kupatia wakati mmoja? Maelezo yaliyoenea ni kwamba walijikuta wanatembea kwa hatua moja, kama askari wa gwaride. Mwaka 2021 watafiti waliochapisha katika jarida la Nature Communications walionyesha kwamba hata hilo si lazima. Kumbuka unavyosimama kwenye daladala iliyojaa. Ikiyumba, unatanua miguu na kuhamisha mwili usianguke. Hujamuangalia jirani yako, unajiokoa mwenyewe tu. Darajani ni vilevile: kila mtu anajisawazisha, na katika kujisawazisha anaongeza nguvu kidogo kwenye myumbo uleule. Watu wakiwa wachache, daraja linaimeza nguvu hiyo. Wakizidi kiwango fulani, linashindwa.

Arup walikipata kiwango hicho kwa kuwatembeza wafanyakazi wao wenyewe juu ya daraja. Kwenye sehemu ya kaskazini, watu 156 walitembea bila shida. Walipofika 166, myumbo ukapanda ghafla.

Kinachouma katika historia hii ni kwamba dalili zilikuwepo. Mwaka 1975 daraja la bandari la Auckland, New Zealand, liliyumba pembeni lilipovukwa na umati wa waandamanaji. Mwaka 1993 Yozo Fujino na wenzake walichapisha utafiti kuhusu daraja la watembea kwa miguu huko Japani lililofanya hivyohivyo kila umati ulipotoka uwanjani. Lakini kanuni za usanifu za wakati ule zilihesabu zaidi mtikisiko wa juu na chini. Mtembeaji alihesabiwa kama mzigo. Kwamba mzigo huo unaitikia daraja linavyocheza, kanuni hazikusema.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza: wabane watu, waingie wachache, watembee polepole. Ya pili: rekebisha daraja. Walichagua ya pili. Walifunga vifaa 37 vinavyofanya kazi kama shokapu za gari, na vingine zaidi ya 50 vyenye uzito unaocheza kinyume na daraja, kwa gharama ya takriban pauni milioni 5. Januari 2002 watu 2,000 wakatembezwa juu yake kulijaribu. Tarehe 22 Februari likafunguliwa tena, na hadi leo watu wanalivuka wakiongea na simu.

Basi siku ukitoka uwanjani na kukuta daraja la waenda kwa miguu linacheza chini yako, usiharakishe kulaumu umati. Watu wanatembea vile ambavyo watu hutembea siku zote. Swali la kuuliza ni kama aliyelichora alituhesabu tukiwa tunatembea, au tukiwa tumesimama kama magunia.