Simu Mpakani: Soko, Usalama na Sheria kutoka Kanzenze hadi Goma

Neno "simu" tulilipokea kutoka Kiajemi, na asili ya maana yake ni waya. Watu wa pwani walilitumia mahali pake barabara, kwani mwaka 1879 Unguja iliunganishwa na Aden kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na habari zilizokuwa zikichukua majuma mengi kwa merikebu zikaanza kufika upesi. Leo waya umeondoka na jina limebaki. Mkulima aliyesimama katikati ya shamba lake huita "simu" kitu kisichofungwa na waya wowote. Jambo hili si la kuchekesha tu. Linatuonyesha kwamba chombo hutangulia, kisha lugha na sheria hufuata nyuma zikihema.

Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo kwa kuangalia simu ya mkononi na mitandao ya kijamii katika sehemu moja ya Afrika ya Mashariki, yaani upande wa Gisenyi nchini Rwanda, tukianzia Kanzenze. Tutatazama mambo matatu: soko, usalama na sheria. Mwishoni tutauliza mwalimu wa Kiswahili anahusikaje, maana anahusika zaidi kuliko inavyodhaniwa.

Mahali penyewe

Kanzenze ni mmojawapo wa mirenge 12 ya Wilaya ya Rubavu, katika Jimbo la Magharibi. Kabla ya mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, wilaya hii ilikuwa sehemu ya mkoa wa Gisenyi. Nchi yenyewe ni ya milima na udongo wa volkano, na viazi mviringo ni zao linalojulikana sana huko. Viazi havina budi kutafuta walaji, na walaji wengi wako Goma, mji wa Kongo ulioshikana na mji wa Gisenyi kiasi kwamba pasingekuwa na kizuizi cha forodha mgeni asingejua kuwa amevuka nchi. Mpaka huo uliafikiwa huko Brussels mwaka 1910, baina ya Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza, wala watu wa hapo hawakuulizwa. Hata hivyo hawakuacha kuuvuka. Kabla ya ugonjwa wa korona kufunga mipaka mwaka 2020, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakipita hapo kila siku, wengi wao wanawake wenye mizigo kichwani. Na wanunuzi na wauzaji wa nchi hizo mbili wanapopatana bei, mara nyingi hupatana kwa Kiswahili.

Soko

Ni vema ikumbukwe kwamba historia ya simu ya mkononi katika sehemu zetu ina mkono wa Mnyarwanda. Mwaka 1986 Miko Rwayitare, mhandisi mzaliwa wa Rwanda, alishiriki kuanzisha kampuni ya Telecel huko Kinshasa, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Ilikuwa miongoni mwa kampuni za kwanza kabisa za simu za mkononi barani Afrika. Lakini simu hiyo ilikuwa ya wakubwa na matajiri. Kwa mkulima wa viazi ilikuwa mbali sawasawa na mwezi.

Nchini Rwanda simu za mkononi zilianza mwaka 1998 kwa kampuni ya MTN. Tigo iliingia mwaka 2009, na Airtel mwaka 2012. Rwandatel, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa mali ya kampuni ya Libya, ilinyang'anywa leseni yake ya simu za mkononi mwaka 2011 kwa kushindwa kutimiza masharti, na wateja wake wakalazimika kutafuta laini nyingine. Mwaka 2018 Airtel ilikamilisha kuinunua Tigo. Basi soko lililokuwa na washindani watatu likabaki na wawili. Wachumi watatuambia kwamba minara ni ghali na nchi ni ndogo, na hayo ni kweli. Lakini mteja naye anajua hesabu yake: wauzaji wakiwa wachache, maneno ya kupatana bei huwa machache vilevile.

Badiliko kubwa zaidi halikuwa sauti bali fedha. Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007, na mwaka 2010 MTN ikaleta huduma ya namna hiyo Rwanda. Kwa hakika wazo lenyewe si geni kwetu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Unguja na wa bara walitumia hundi na hawala, na mtu aliweza kulipa Tabora deni lililofungwa Unguja bila kubeba sanduku la fedha njiani. Kilichobeba fedha ni imani, na imani ililindwa na sahihi ya mtu anayejulikana. Leo imani ile ile imewekwa juu ya tarakimu chache za siri na juu ya wakala aliyekaa chini ya mwavuli kando ya barabara.

Mpakani ndipo ugumu wa soko hili unapoonekana waziwazi. Mawimbi ya mnara hayasimami kwenye kizuizi, lakini bei, leseni na fedha husimama. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilipatana kupunguza gharama za simu baina yao, na mtu apokeaye simu akiwa katika nchi mojawapo ya hizo asitozwe. Kongo haikuwamo katika mapatano hayo, nayo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 tu. Hivyo basi, kwa miaka mingi kumpigia mtu wa Nairobi kulikuwa na unafuu ambao mwenye viazi hakuupata alipompigia mnunuzi wake wa Goma, ambaye angeweza kumfikia kwa miguu. Ndiyo sababu mfanyabiashara wa mpakani hubeba laini mbili, za nchi mbili, na hesabu ya sarafu mbili au tatu kichwani.

Usalama

Mahali penye fedha hapakosi mwizi. Wanyarwanda humwita tapeli umutekamutwe, na ukilichambua neno hilo utakuta kitenzi cha kupika na nomino ya kichwa: ni mtu apikaye kichwa, yaani apikaye hila. Tanzania imekuwa na ujumbe wake mashuhuri ambao watu wengi wameupokea, usemao kwa maneno kama haya: "Ile hela itume kwenye namba hii."

Tunawaomba walimu wausome ujumbe huo kama wanavyosoma kifungu cha fasihi. Nguvu yake yote imo katika neno moja, "ile". Kionyeshi hicho, kikitumiwa kwa jambo lisiloonekana, humaanisha kwamba msemaji na msikilizaji wanalijua jambo lile lile na wamekwisha kulizungumza. Tapeli hasemi uongo ulio wazi. Hasemi hata kwamba yeye ni nani. Anaiachia sarufi imsemee. Kwa kuwa katika maisha yetu mtu hakosi kuwa na hela ya kumtumia ndugu, ya karo au ya mwenye nyumba, mpokeaji mwenyewe ndiye anayeijaza nafasi iliyoachwa wazi. Mtu akikosea kwa namna hii hatuwezi kumwita mjinga. Amesoma Kiswahili sanifu kama kinavyosomwa, na ndipo alipoibiwa.

Hatari ya pili ni kubwa kuliko ya wizi, na Gisenyi inaijua. Mwaka 1990 Hassan Ngeze, mzaliwa wa Rubavu, alianzisha gazeti la Kangura. Mwaka 1993 redio ya RTLM ikaanza kutangaza kutoka Kigali. Maneno ya chuki yaliyopandwa na vyombo hivyo yalizaa matunda yake mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilitoa hukumu ya Ngeze na wenzake wawili mnamo Desemba 2003, na rufani ikaamuliwa mwaka 2007, adhabu ya Ngeze ikiwa kifungo cha miaka 35. Hukumu hiyo ilithibitisha kwamba mwenye gazeti au redio aweza kuwajibika kwa damu iliyomwagwa na wasomaji na wasikilizaji wake.

Tunayakumbusha haya kwa sababu simu ya leo imemfanya kila mtu kuwa mwenye gazeti na mwenye redio. Kangura ilihitaji mtambo wa kupiga chapa, RTLM ilihitaji mnara. Ujumbe wa WhatsApp hauhitaji ila kidole. Katika vita vya mashariki ya Kongo, ambapo Goma ilitekwa na M23 mwezi Januari 2025, picha na sauti zisizo na mwenyewe hupita kutoka simu hadi simu, nyingine zikiwa za kweli, nyingine za uongo, na nyingine za kweli zilizotolewa mahali pengine na wakati mwingine. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, na mamia ya maelfu ya watu wakauhama mji wa Goma, wengine wakikimbilia Rubavu, kila mtu alitaka kujua moto unaelekea wapi. Katika saa kama hizo ujumbe wa kweli huokoa watu na wa uongo huwakanyagisha, na yote miwili huja kwa mlio mmoja.

Sheria

Serikali za sehemu zetu hazikukaa kimya. Tanzania ilitunga sheria ya makosa ya mtandao mwaka 2015, Kenya na Rwanda mwaka 2018. Rwanda ilikuwa imekwisha kuwataka watu wote wasajili laini zao mwaka 2013, na mwaka 2021 ikatunga sheria ya kulinda taarifa binafsi na faragha. Kampuni nazo hazikuachwa: mwaka 2017 mamlaka ya udhibiti, RURA, iliitoza MTN faini ya takriban faranga bilioni 7 kwa kuendeshea baadhi ya mitambo yake ya taarifa nje ya nchi kinyume cha leseni.

Lakini sheria ni kisu, na kisu hakichagui mshikaji. Kifungu cha 39 cha sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 kinamwadhibu aenezaye kwa kompyuta, hali akijua, uvumi unaoweza kuleta hofu, uasi au vurugu, au kumfanya mtu asiaminike tena. Adhabu yake ni kifungo cha miaka 3 hadi 5 pamoja na faini ya faranga milioni 1 hadi 3. Baada ya mwaka 1994 hakuna mwenye akili atakayeuliza kwa nini Rwanda inauogopa uvumi. Hata hivyo swali halali linabaki: ni nani apimaye uvumi? Mwanakijiji aandikaye kwamba kiongozi fulani amekula fedha za ushirika, akiwa hana bado hati mkononi, anamfanya kiongozi huyo asiaminike. Je, ameonya au amekosa? Sheria isiyotenganisha vizuri mchochezi na mlalamikaji huweza kuwanyamazisha wote wawili, na mwizi wa ushirika akalala usingizi mzuri.

Majirani nao wamejaribu njia nyingine, na matokeo yake ni funzo. Mwaka 2018 Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 ikaiacha na kuweka kodi ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Tanzania ilitoza tozo za miamala ya simu kuanzia Julai 2021, watu wakalalamika, na kabla ya mwaka kwisha zikapunguzwa kwa asilimia 30. Kongo ilizima intaneti baada ya uchaguzi wa Desemba 30, 2018, na ikaifungua baada ya takriban siku 20. Katika siku hizo wakazi wa miji ya mpakani walitumia laini za nchi jirani. Aliyezima mtandao ili kuzuia uvumi aliwaachia uvumi wale wasio na njia ya kuusahihisha.

Kazi ya mwalimu

Sasa turudi kwenye lugha. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Lakini sheria ya mwaka 2018 na ile ya mwaka 2021 zilichapishwa katika Gazeti la Serikali kwa lugha tatu tu, na Kiswahili hakimo. Tanzania yenyewe, nyumbani kwa Kiswahili, iliandika sheria yake ya mwaka 2015 kwa Kiingereza, na ni mwaka 2021 tu Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria na mahakama. Maana yake ni kwamba mtu wa mpakani huuza kwa Kiswahili, hulipwa kwa Kiswahili na huibiwa kwa Kiswahili, kisha haki yake imeandikwa kwa lugha nyingine.

Pengo hili laweza kuzibwa kidogo kidogo darasani. Mwalimu afundishaye vionyeshi hana haja ya kutafuta mifano ya mbali. "Ile hela" inatosha, na mwanafunzi atakayeielewa ameilinda fedha ya mama yake. Afundishaye uandishi wa barua afundishe pia namna ya kuandika malalamiko yenye tarehe, kiasi na namba ya muamala. Afundishaye msamiati asitosheke na kubishana kama tuseme "rununu" au "simu ya mkononi". Watu wamekwisha kuchagua. Afadhali aeleze tofauti ya "faragha" na "siri", ya "ridhaa" na "kukubali tu", ya "uvumi" na "habari isiyothibitishwa", kwa kuwa juu ya tofauti hizo mtu aweza kupata haki yake au kwenda jela.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Methali hiyo ilitungwa wakati mjumbe alikuwa mtu, anayejulikana ukoo wake, naye alichukua maneno ya mwingine. Leo kila apelekaye ujumbe mbele huhesabiwa kuwa ameusema, na sheria humdai yeye. Tuwafundishe wanafunzi wetu kuuliza kabla ya kupeleka mbele: nani kasema, lini, na alionaje? Maswali hayo matatu yangekuwa na faida Gisenyi mwaka 1990, nayo yana faida Kanzenze leo.