Shamba la Lexington: waliponea gerezani, wakaanguka nje ya lango

Mwezi Mei 1935, nje ya mji wa Lexington, jimbo la Kentucky nchini Marekani, ilifunguliwa nyumba ambayo watu walibishana miaka mingi kama waiite gereza ama hospitali. Madirisha yake yalikuwa na vyuma, lakini wakubwa wake walikuwa madaktari wa serikali. Kulikuwa na vitanda vipatavyo 1,500, na shamba la ekari 1,000 hivi lenye ng'ombe wa maziwa, nguruwe na bustani za mboga. Wenyeji waliiita «Narco». Walioletwa humo walikuwa wafungwa wenye uraibu wa heroini na morfini, na pamoja nao waliingia watu wengine waliokuja wenyewe kuomba msaada.

Nyumba hiyo ilitokana na sheria ya mwaka 1929. Magereza ya serikali kuu yalikuwa yamejaa waraibu, na wakuu wa magereza wakalalamika kwamba hawajui la kufanya nao. Bunge likaamua yajengwe mashamba mawili. La pili lilifunguliwa Fort Worth, Texas, mwaka 1938.

Mtu alipofika, madaktari walimpunguzia dawa kidogo kidogo mpaka mwili uache kutetemeka na kutapika. Baada ya vita vya pili vya dunia walitumia methadoni kwa kazi hiyo. Kisha alipewa kazi: kukamua, kushona nguo, kutengeneza meza na viti. Waliokuwa wanamuziki walipiga muziki, na walikuwa wengi kweli. Waanzilishi waliamini kwamba mtu akila vizuri, akilala usiku na kujifunza ufundi, atarudi nyumbani akiwa mzima.

Na kweli wengi walitoka wazima. Shida ilianza kwenye kituo cha basi. Watafiti waliwafuatilia watu 1,912 wa New York waliotoka Lexington kati ya 1952 na 1955. Zaidi ya 90 kwa mia walirudia dawa, na karibu wote hao walirudia kabla ya miezi sita kwisha. Walirudi kwenye mtaa uleule, kwa rafiki walewale, bila kazi, bila daktari wa kuwaona. Kule shambani walikuwa wamefundishwa kukamua ng'ombe. Harlem hakuna ng'ombe.

Mmoja aliyefaulu anajulikana na wapenda jazz wote: Sonny Rollins, mpiga saksafoni. Alikuwa amefungwa New York kwa ujambazi, akatoka, akafungwa tena kwa sababu ya heroini. Mwaka 1955 alikwenda Lexington. Alipomaliza matibabu hakurudi New York. Alikaa Chicago, akafagia na kusafisha majengo ili apate chakula, akafanya mazoezi ya chombo chake, huku akiogopa kuingia kwenye vilabu vya usiku ambako dawa ziliuzwa. Alirudi jukwaani baada ya kujipima kwanza. Mwaka uliofuata alirekodi sahani iliyompa jina dunia nzima. Pengine alikuwa na moyo mgumu kuliko wengine. Lakini hata moyo huo aliupa mji mwingine na kazi ya mshahara.

Lexington ilikuwa pia na upande wa aibu. Watafiti waliwajaribia wafungwa dawa mpya, na kama malipo wengine walipunguziwa siku za kifungo ama walipewa morfini yenyewe. Mtu aliyeletwa kuacha dawa alilipwa kwa dawa. Mambo hayo yaliwekwa wazi mbele ya maseneta mwaka 1975, shamba likiwa limekwisha kukabidhiwa idara ya magereza.

Daktari mmoja kijana aliyefanya kazi humo katika miaka ya 1940, Marie Nyswander, aliondoka akiwa na swali: kwa nini matibabu yaishie langoni? Katika miaka ya 1960, yeye na Vincent Dole walianza kutoa methadoni New York kila siku, kwa muda mrefu, mtu akiwa nyumbani na kazini. Kisha Dole akaijaribu gerezani. Wafungwa 12, wote waraibu wa heroini waliokuwa wamefungwa mara nyingi, walianza dawa siku chache kabla ya kutoka na wakaendelea nayo nje. Wengine 16 wa hali ileile hawakuipata. Baada ya mwaka hivi, wale 16 wote walikuwa wamerudia heroini na 15 walihukumiwa tena. Kati ya wale 12, hakuna aliyerudia uraibu, na waliohukumiwa tena ni 3. Matokeo yalichapishwa mwaka 1969. Magereza mengi ya Marekani yaliendelea miongo kadhaa kana kwamba hayakuyasoma.

Ucheleweshaji huo uliua. Mfungwa anayekaa bila heroini, mwili wake husahau. Akitoka na kutumia kipimo chake cha zamani, kinamzidi nguvu. Katika jimbo la Washington watafiti waliwafuata watu zaidi ya 30,000 waliotoka gerezani kati ya 1999 na 2003. Katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya raia wengine. Jimbo la Rhode Island lilianza mwaka 2016 kuwapa dawa wafungwa wote waliozihitaji, na kuwaunganisha na kliniki za mtaani kabla ya siku ya kutoka. Waliokufa kwa kuzidisha dawa baada ya kutoka gerezani karibuni walikuwa 26 katika nusu ya kwanza ya mwaka huo. Mwaka uliofuata, miezi ileile, walikuwa 9.

Methadoni ni ya heroini na ndugu zake. Haimsaidii kijana wa Kinshasa anayenusa bombé wala aliyezoea kanyanga huku Kivu. Lakini lango ni lilelile. Gereza la Makala lilijengwa mwaka 1957 kwa watu 1,500, na mwaka 2024 lilikuwa na zaidi ya 12,000. Wengi hula kile ambacho jamaa zao wanaleta mlangoni. Na jamaa hao wakiisha kukimbia vita na kuhama kijiji, anayetoka hana aliyekuja kumpokea, wala hajui aanze kuwatafuta wapi.