Duka ambalo mteja haruhusiwi kuhama

Wengi wetu tunajua tu SHA na kelele zake. Lakini hii hadithi ina umri kuliko wazazi wetu wengi.

Mwaka 1965 serikali ya Jomo Kenyatta iliondoa ada kwa wagonjwa wa nje kwenye hospitali zake. Mwaka uliofuata, 1966, Bunge likaunda NHIF. Kama ulikuwa unalipwa shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi, unakatwa 20. Hakuna kuulizwa. Na nia ilikuwa poa, sibishi: mtu wa kawaida aweze kulazwa bila kuuza ng'ombe.

Shida si zile 20. Shida ni hiyo lazima. Mama mboga akikuuzia sukuma imenyauka, kesho unaenda kwa jirani yake, na yeye anajua. Ndio maana kila saa anazinyunyizia maji. NHIF ilikuwa na haraka gani? Pesa zako zilikuwa zinaingia hata ukinuna. Wanachama wengi walingoja mpaka 2015 ndio bima ianze kulipia matibabu ya kuja na kurudi nyumbani. Karibu miaka 50 hivi, ukitaka ikusaidie, sharti kwanza ulazwe! Kampuni ambayo wateja wanaweza kuitoroka ingejaribu hiyo mchezo miaka mingapi?

Najua kuna msee atasema soko lilijaribiwa wakati wa Moi likaua watu. Ni kweli Desemba 1989 ada zilirudi, wakaita kugawana gharama. Wagonjwa wakapungua kliniki, na 1990 serikali ikarudi nyuma, kabla ya kuzirudisha tena polepole. Iliuma, hasa maskini. Lakini hilo si soko, bana. Ni muuzaji yule yule ameamka akabadilisha bei, na kwa mtu wa kijijini duka lingine halikuwepo.

Sasa tangu Oktoba 2024 aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila kikomo. Zamani NHIF ilikuwa inafika 1,700 inasimama. Sisi wa kujitegemea tunakadiriwa mapato, halafu sheria inataka mchango wa mwaka mzima. Mimi mwezi mmoja video zinaingiza kitu, miwili inayofuata ni hewa. Nani alikadiria hewa?

Hapa nikubali kitu ambacho mabeshte zangu wa soko huria hawapendi kusikia. Kampuni za bima za kibinafsi hazimkimbilii shosho wa miaka 75 mwenye presha. Zinamkwepa. Kwa hivyo sijasema aachwe. Serikali imlipie, tena kwa kodi yangu. Lakini kadi achague yeye, na akichoshwa na foleni ahame na hizo pesa zake.