Chachu ya maziwa ya ngamia: Namna ya kuichagua na kuitunza

WAKAZI wengi wa kaunti za Garissa, Wajir na Mandera ni Waislamu, na pombe haipikwi majumbani humo kama inavyopikwa katika sehemu nyingine za Kenya. Hata hivyo, maarifa ya chachu ambayo wapishi wa pombe huyategemea yamekuwamo katika eneo hilo tangu kale, ndani ya vyombo vya maziwa ya ngamia.

Maziwa hayo yakichachushwa huitwa suusac kwa lugha ya Kisomali. Ni chakula cha wafugaji safarini, kinywaji cha familia mjini na bidhaa inayowapatia riziki wanawake wengi ambao huyauza sokoni.

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na ngamia zaidi ya milioni 4, na kaunti hizo tatu ni miongoni mwa zile zenye ngamia wengi zaidi nchini. Lakini kati ya malisho na soko, maziwa hupita saa nyingi juani, na mtungi mmoja ulioharibika waweza kumeza faida ya siku nzima.

Mara nyingi hasara hiyo hulaumiwa kwa joto. Joto lina sehemu yake, ila chanzo kingine hakitajwi sana: chachu ambayo haikuchaguliwa na mtu yeyote, bali iliingia yenyewe.

Kazi ya chachu

Chachu ni kundi la viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho. Katika pombe na mkate, mtenda kazi mkuu ni hamira, ambayo hula sukari na kutoa kileo pamoja na hewa ya kaboni. Katika maziwa, mtenda kazi mkuu ni bakteria ambao hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki. Asidi hiyo ndiyo huyatia maziwa ukali na kuwazuia vijidudu wengi waharibifu.

Kwa desturi, suusac hutengenezwa kwa kuyaacha maziwa mabichi ndani ya kibuyu au chombo kilichofukizwa moshi, kwa muda wa siku moja hadi mbili. Bakteria walio katika maziwa na waliosalia katika kuta za chombo huianza kazi wenyewe.

Wakikuyu na Wakamba hutumia kanuni iyo hiyo katika pombe ya muratina. Tunda lililokaushwa la mti wa mwegea, likiisha kutumika mara moja, hubeba hamira ndani ya nyuzi zake na huhifadhiwa kwa ajili ya upishi unaofuata.

Udhaifu wa njia hii uliwahi kuwatesa hata wenye viwanda vikubwa Ulaya. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, Denmark, mtaalamu Emil Christian Hansen alifaulu kuotesha hamira safi kutokana na chembe moja tu. Alionyesha kwamba bia huharibika kwa sababu hamira ya mwituni huchanganyika na ile njema. Tangu hapo viwanda vilianza kuchagua chachu kama mkulima achaguavyo mbegu.

Ndani ya mtungi

Watafiti waliochunguza suusac ya Kenya na kuchapisha matokeo yao mwaka 2005 walikuta aina kadhaa za bakteria wa asidi ya laktiki, wakiwemo Lactobacillus plantarum na Leuconostoc mesenteroides, ambao hutumika katika vyakula vingi duniani. Walikuta pia hamira, kama vile Candida krusei.

Hamira kidogo huongeza harufu na ladha. Ikizidi, hutoa hewa nyingi, mtungi huvimba, kifuniko hufoka kinapofunguliwa, na maziwa hunuka kama kitu kilicholala muda mrefu.

Uchunguzi mwingine wa suusac ya Kenya na Somalia, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta kwa wingi bakteria aitwaye Streptococcus infantarius. Bakteria huyo huchachusha maziwa vizuri, lakini ni wa ukoo ambao baadhi ya jamaa zake huhusishwa na maambukizi ya moyo na saratani ya utumbo mpana. Haijathibitishwa kwamba aina iliyomo katika maziwa huleta maradhi hayo. Inatosha kusema kwamba chachu ya kubahatisha hubeba mema na yenye mashaka kwa pamoja.

Kuchagua chachu

Hatua ya kwanza ni kuyapasha maziwa moto. Maziwa mabichi yaweza kubeba vijidudu vya homa ya brusela, na uchachu peke yake si kinga ya kutegemewa. Utaratibu uliojaribiwa na wataalamu nchini ni kuyapasha hadi nyuzi 85 za Selsiasi kwa nusu saa, kisha kuyapoza.

Moto, hata hivyo, huua bakteria wabaya na wazuri pia. Maziwa yaliyopashwa moto yakiachwa bila chachu hayana mlinzi. Kijidudu chochote kitakachotangulia kuingia ndicho kitakachotawala. Ndiyo maana anayechemsha hana budi kutia chachu anayoijua.

Ziko njia tatu. Ya kwanza ni chachu ya unga iliyokaushwa, inayouzwa kwa watengenezaji wa bidhaa za maziwa. Ni safi na matokeo yake hayabadiliki, lakini nyingi huhitaji kuwekwa kwenye friza, sharti ambalo ni gumu mahali ambapo umeme ni wa kusuasua.

Ya pili ni kutumia maziwa mala au maziwa ya mtindi wa yogati kutoka dukani, yasiyotiwa sukari wala ladha ya matunda. Yawe na bakteria hai. Yale yaliyopashwa moto baada ya kuganda ili yadumu rafuni hayafai.

Ya tatu ni kutwaa sehemu ya suusac ya jana iliyo nzuri na kuitia katika maziwa ya leo. Ni njia rahisi kuliko zote, na ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi.

Suala la joto

Bakteria wa maziwa mala hustawi kati ya nyuzi 22 na 30. Wale wa yogati hupenda nyuzi 40 hadi 45. Katika miezi ya joto, mchana wa Garissa hufikia nyuzi 35 na zaidi, yaani katikati, mahali ambapo hakuna kundi kati ya hayo mawili linalofanya kazi kwa nguvu zake zote. Pengo hilo ndilo hutumiwa na vijidudu wa mwituni.

Anayetumia chachu ya mala anashauriwa kuitia jioni, maziwa yakiwa yamepoa, na kukiweka chombo mahali penye upepo kikiwa kimefungwa kitambaa kilicholowa maji. Anayetumia yogati aitie maziwa yakiwa bado na joto la nyuzi 43 hivi, kisha akifunike chombo kwa blanketi ili joto lisitoke.

Kipimo cha kawaida ni asilimia 2 hadi 3, yaani vijiko viwili vya mezani kwa kila lita. Kwa chachu ya mala, muda ni kama saa 24.

Hapa pana kosa linalowapata wengi waliozoea maziwa ya ng'ombe. Maziwa ya ngamia hayagandi yakawa mazito, kwa kuwa protini inayosaidia kugandisha imo kwa uchache sana. Anayesubiri yawe mazito husubiri mpaka yachache kupita kiasi. Ishara ya kutazamwa ni ukali wa wastani na harufu safi. Yakifikia hapo, yapozwe.

Kutunza chachu

Chachu ya kesho itengwe kabla ya mtu yeyote kuonja, kwa kijiko kilichochemshwa, na kuwekwa katika chupa ya kioo iliyochemshwa. Itunzwe kwenye jokofu na itumike kabla ya wiki moja kupita. Chachu iliyokaa hadi ikawa kali mno huwa imepoteza bakteria wake wengi.

Baada ya kurudiwa mara kadhaa, chachu hubadilika: hamira na vijidudu vingine hujipenyeza, na virusi wanaoshambulia bakteria hao nao huongezeka. Ikianza kuchelewa kuliko kawaida, kutoa mapovu au kubadili harufu, itupwe na mpya itafutwe.

Chombo nacho ni sehemu ya chachu. Moshi wa kufukizia hupunguza vijidudu na kutia harufu ipendwayo, lakini hauchukui nafasi ya kuosha. Mitungi ya plastiki yenye mdomo mwembamba haifikiki kwa mkono, na mikwaruzo ya ndani huficha mabaki ya maziwa ya zamani. Ndoo ya chuma yenye mdomo mpana husafishika vyema zaidi.

Maziwa yakikataa kuchachuka ilhali chachu ni nzuri, yafaa kumwuliza mfugaji kama ngamia alidungwa dawa. Dawa za kuua bakteria hupita katika maziwa na kuiua chachu, na maziwa ya namna hiyo hayapaswi kunywewa mpaka siku zilizowekwa kwa dawa hiyo zitimie.

Kwa yeyote anayebadili chachu kwa mara ya kwanza, lita moja yatosha kwa majaribio. Ikitoka na ladha iliyozoeleka usiku wa kwanza na wa pili, mtungi mzima waweza kufuata. Ikikataa, hasara ni ya lita moja, si ya riziki ya siku.