Mbwa wa Wafalme

Kwetu mbwa ni mlinzi wa boma. Hula makombo na hulala nje. Lakini katika historia ya ulimwengu wamekuwako mbwa waliolala juu ya mito ya hariri na kuhudumiwa na watu. Ndugu msomaji, uliyemaliza shule zamani nawe uliyeko darasani leo, hebu tuwatazame wachache wao, maana habari zao zatueleza mengi juu ya mabwana zao.

Tuanzie Misri. Mwaka 1935, huko Giza, wachimbuaji wa mambo ya kale walioongozwa na Mmarekani George Reisner walipata jiwe lenye maandishi juu ya mbwa aliyeitwa Abuwtiyuw, aliyeishi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Maandishi yasema alikuwa mlinzi wa mfalme. Alipokufa, mfalme aliamuru apewe jeneza kutoka hazina yake, kitani safi kwa wingi na ubani, na mafundi waashi wamjengee kaburi. Mafundi wenyewe hawakutajwa majina.

Huko Uingereza, Mary, aliyekuwa Malkia wa Scotland, alikatwa kichwa mwaka 1587. Baada ya kuuawa, mbwa wake mdogo alikutwa amejificha ndani ya nguo zake, akakataa kuuacha mwili. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Mjukuu wa mwana wa Mary, Mfalme Charles wa Pili, alipenda mno mbwa wadogo wenye masikio marefu, hata aina yao ikaitwa kwa jina lake mpaka leo: spanieli wa King Charles. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali katika idara ya manowari, aliandika katika shajara yake mwaka 1667 akilalamika kwamba mfalme alikuwa akicheza na mbwa barazani badala ya kusikiliza shauri. Malalamiko hayo hayakuwa ya bure. Mwaka huohuo Waholanzi walikuwa wameingia mto Medway na kuzichoma manowari za Kiingereza.

Lakini kisa kizito kuliko vyote ni cha mbwa wa Peking, mwenye uso bapa na manyoya mengi, aliyefugwa katika makasri ya wafalme wa China. Mwaka 1860, katika vita vilivyotokana na biashara ya kasumba, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliliteka Kasri la Kiangazi karibu na Peking. Askari waliteka nyara vitu vya thamani. Kisha Lord Elgin, mjumbe wa Uingereza, akaamuru kasri lichomwe moto. Miongoni mwa vilivyochukuliwa walikuwamo mbwa hao. Mmoja alipelekwa kwa Malkia Victoria, naye akaitwa Looty, jina litokanalo na neno la Kiingereza lenye maana ya nyara.  Looty alikufa mwaka 1872. Magofu ya kasri yako mpaka leo.

Tumalizie na korgi, mbwa mfupi wa wachungaji wa ng'ombe wa Wales. Mwaka 1944 Elizabeth, binti wa mfalme, alipewa korgi aitwaye Susan alipotimiza miaka 18. Katika maisha yake alifuga zaidi ya 30, wengi wao wakiwa wazao wa Susan. Alipozikwa Septemba 2022, korgi wake wawili waliletwa nje ya kasri la Windsor kulingoja jeneza. Mbwa wa zizi alikuwa amefika ikulu.

Mbwa hajui cheo wala taji. Humpenda amlishaye, awe mchungaji au malkia, wala Looty hakuomba kupelekwa ng'ambo. Kwa hiyo nanyi mnaosoma historia, mkiona picha ya mfalme na mbwa wake mzuri, msiishie kuuliza ni mbwa wa aina gani. Ulizeni pia ametoka wapi, na ni nani aliyelipa gharama.